Mvua yetu ni ya joto: koti lichaguliwe kwa mshono na hewa, si kwa uzito

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wasomaji wa mikoa ya Mtwara na Lindi juu ya jambo linaloonekana dogo hadi siku mvua inapoanza, nalo ni namna tunavyochagua makoti ya mvua. Naandika sasa kwa sababu fedha za korosho zimeanza kuwafikia wakulima, wafanyabiashara wamekwishapanga bidhaa zao minadani, na kama ilivyo desturi yetu makoti yananunuliwa jua likiwaka, wakati ambapo si muuzaji wala mnunuzi anayeweza kuapa kuwa yanazuia maji. Mnunuzi hulipima koti kwa kulinyanyua. Likiwa zito husema hili ndilo. Mimi nashikilia kuwa kipimo hicho kimetupoteza. Mvua ya kusini ni mvua ya joto, na katika mvua ya joto koti zito lisilopitisha hewa humlowesha mvaaji kwa jasho lake mwenyewe kabla mawingu hayajamfikia.

Niieleze kwanza mvua yenyewe. Sisi hatuna vuli na masika zilizoachana kama wenzetu wa Dar es Salaam na Tanga. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutuweka katika maeneo yenye msimu mmoja wa mvua, ambao huanza Novemba na kuishia Aprili, na miaka mingine huingia Mei. Sehemu kubwa ya miezi hiyo ni ya kaskazi. Joto la mchana katika pwani ya Mtwara na Lindi huzunguka nyuzi 30, na hata mvua ikishuka kwa nguvu hewa hupoa kidogo tu, tena hubaki imeshiba unyevu. Huku Newala, tulio zaidi ya meta 700 juu ya usawa wa bahari, hali ni tofauti kiasi: asubuhi ukungu hupanda kutoka bonde la Ruvuma, na sweta jepesi ndani ya koti si anasa. Lakini Newala si Njombe, na anayeteremka kwa pikipiki kwenda Masasi huianza safari akihisi baridi na kuimaliza akitokwa jasho. Vimbunga naviweka kando. Kenneth cha Aprili 2019, kilichoelekea Msumbiji, na Hidaya cha Mei 2024, ambacho mvua zake zilikata barabara ya Lindi hadi Dar es Salaam upande wa Kilwa, havina koti la kuvikabili; siku kama hizo mtu hubaki ndani.

Kazi yangu ni ya ugani, na kwa miezi yote ya mvua nazunguka vijijini kwa pikipiki nikiwa na makaratasi ya wakulima begani. Ninaokutana nao njiani ni vijana wa bodaboda, walimu, wauguzi na wachuuzi, ambao nao hawana hiari ya kusubiri anga litulie. Wengi wao huvaa jaketi la mtumba lililojazwa pamba bandia, lile lililoshonwa kwa ajili ya theluji ya nchi za watu. Kwa macho ni ngome. Kitambaa chake cha nje huzuia umande na manyunyu ya dakika chache, kisha maji hupenya kwenye mistari ya mishono inayoishikilia ile pamba, na pamba ikishalowa haikauki kwa siku mbili za msimu huu. Kijana huyo hubeba maji mgongoni, huvumilia joto kifuani, na kesho yake hulivaa tena likiwa bichi. Jaketi la jinzi halina nafuu, na la ngozi nafuu yake ni ndogo. Hadi mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, wengi walikuwa wakivaa rambo moja kichwani na kuipasua nyingine kifuani. Marufuku ile ilikuwa ya haki kwa mashamba na mifugo yetu, ila nakiri kuwa hapajapatikana kinga nyingine ya bei hiyo.

Makoti ya mvua tunayouziwa, mapya kwa mitumba, yana asili katika nchi za baridi, na matatizo yake ya zamani bado yanatuhusu. Mwaka 1823 Charles Macintosh wa Glasgow alipewa hataza (haki ya mvumbuzi) ya kitambaa chenye utando wa mpira katikati ya nguo mbili. Kitambaa kilizuia maji kweli, lakini makoti yaliyoshonwa kwacho yalikakamaa kwenye baridi na kunata kwenye joto, na fundi alipopitisha sindano alitoboa kile kile kilichopaswa kuzuia maji, kwa hiyo yakavuja mishononi. Tatizo la kunata lilipungua baada ya Charles Goodyear wa Marekani kugundua mwaka 1839 kuwa mpira ukipashwa moto pamoja na salfa hutulia (ni salfa hiyo hiyo ambayo sisi huipulizia mikorosho dhidi ya ubwiri unga). Tatizo la mishono halikwenda popote. Miaka 200 imepita, na koti linalovuja huku kwetu mara nyingi halijapasuka mahali. Linavuja pale cherehani ilipopita.

Mwaka 1969 Robert Gore, naye wa Marekani, aliivuta kwa ghafla plastiki iitwayo PTFE ikiwa ya moto, ikatanuka na kuwa utando wenye vitundu vingi mno. Watengenezaji wa utando huo hueleza kuwa kila kitundu ni kidogo mara 20,000 kuliko tone la maji, lakini ni kikubwa mara 700 kuliko molekuli ya mvuke. Hapo ndipo lilipozaliwa koti linalosifiwa kwa kuzuia mvua na wakati huo huo kutoa jasho, na siku hizi tando za namna hiyo hutengenezwa kwa njia nyingi na kampuni nyingi. Makoti hayo hufika hadi huku, mengine mapya kwa bei ya kutisha, mengine ndani ya marobota ya mitumba, na muuzaji anayeijua lebo hupandisha bei papo hapo. Ni bidhaa nzuri, sina ugomvi nayo. Ninachohoji ni kama mnunuzi wa Mtwara anapata kile anacholipia.

Mvuke hutoka ndani ya koti kwa sababu moja tu, kwamba ndani kuna mvuke mwingi kuliko nje, na tofauti hiyo ndiyo inayousukuma. Ngozi ya mtu anayefanya kazi ina joto la nyuzi 34 hivi, na mvuke ulioshiba katika joto hilo una kanieneo, yaani nguvu ya kusukuma, ya kilopaskali 5.3. Mtu huyo akiwa katika mvua ya Ulaya ya nyuzi 10, yenye unyevu wa asilimia 90, hewa ya nje ina kilopaskali 1.1 tu, kwa hiyo msukumo ni 4.2. Mlete Mtwara kwenye mvua ya nyuzi 26 na unyevu ule ule: hewa ya nje sasa ina kilopaskali 3, na msukumo umeshuka hadi 2.3. Koti ni lile lile na bei ni ile ile, lakini nguvu ya kutoa jasho imebaki zaidi kidogo ya nusu, ilhali mwili, kwa ajili ya joto, unatoa jasho jingi zaidi. Ndani ya koti panakuwa kama chungu kilichofunikwa: mvuke hupanda, hugusa kifuniko, na kurudi chini ukiwa maji. Mvaaji huona kifua kimelowa, husema koti linavuja, kisha huenda kununua jingine zito zaidi.

Wataalamu wa Ulaya waliliona jambo hili zamani na kuliandika. Kiwango chao cha mavazi ya kazi ya kujikinga na mvua, EN 343, katika toleo la mwaka 2003, kiliyapanga mavazi katika madaraja matatu kwa kadiri yanavyotoa mvuke, kikapendekeza na muda wa kuyavaa mfululizo. Vazi la daraja la chini kabisa, yaani koti na suruali ambazo hazitoi mvuke au huutoa kwa shida, linapendekezwa livaliwe kwa dakika 60 tu ikiwa joto ni nyuzi 25, kwa dakika 100 ikiwa ni nyuzi 15, na bila kikomo ikiwa ni nyuzi 5. Lile la daraja la juu limepewa dakika 205 katika nyuzi 25. Msomaji atambue kuwa nyuzi 25, ambazo katika jedwali lile ndiyo hali ya joto kuliko zote, kwetu pwani ni karibu na joto la usiku wa Januari. Dereva wa bodaboda anayevaa koti zito la plastiki na suruali yake tangu asubuhi hadi jioni anafanya jambo ambalo waliotunga kiwango hicho hawakuthubutu hata kulitaja.

Kiwango hicho kina faida nyingine ya hapa hapa mnadani. Katika mitumba humo makoti ya wafanyakazi wa barabara na viwanda vya Ulaya, yale ya njano au rangi ya chungwa yenye mikanda inayong'aa, na baadhi yake bado yana lebo ya ndani yenye picha ya mwavuli mdogo na matone ya mvua, pamoja na tarakimu. Tarakimu ya kwanza inaeleza uwezo wa kuzuia maji, mishono ikiwemo; ya pili inaeleza uwezo wa kutoa mvuke. Toleo la mwaka 2019 liliongeza daraja la nne, lakini makoti mengi yanayotufikia ni ya kabla ya hapo na mwisho wake ni 3. Lenye 3 na 1 huzuia maji vizuri na kumchemsha mvaaji. Lenye 3 na 3 ni la kushika na kutoachia, hata kama linaonekana jepesi na limechakaa rangi. Nimeona makoti ya namna hii yakidharauliwa kwenye rundo huku watu wakigombania jaketi jeusi la theluji lililo pembeni yake.

Kwenye makoti mapya ya dukani lebo huwa tofauti. Hapo utakuta namba kama 5,000, 10,000 au 20,000, ambazo ni milimita za kimo cha maji: kitambaa huwekewa safu ya maji juu yake, na kimo ambacho maji huanza kupenya ndicho huandikwa. Koti la 10,000 basi linadai kustahimili maji yenye kimo cha meta 10. Daraja la tatu la kile kiwango cha Ulaya, ambalo wafanyakazi wa barabara huvaa siku nzima, linadai paskali 13,000, ambazo ni meta 1.3 tu. Mvua inayomnyeshea mtu aliyesimama haina nguvu kubwa kiasi hicho. Nguvu huongezeka pale mwili unapokandamiza kitambaa chenye maji, kama vile makalio juu ya kiti cha pikipiki, magoti ardhini, au mikanda ya begi mabegani, na kwa sababu hiyo si vibaya kuwa na akiba. Hata hivyo koti la 5,000 lililozibwa mishono yote nalipendelea mara nyingi kuliko la 20,000 lenye mishono wazi, kwa sababu namba ile hupimwa kwenye kitambaa, na maji hayachagui kupita mahali palipopimwa.

Mishono, basi. Geuza koti ndani nje kabla ya kuuliza bei. Katika koti zuri utaona utepe mwembamba umebandikwa kwa moto juu ya kila mstari wa uzi. Watengenezaji wengine huziba mabega na kofia tu, wakaacha mbavu na mikono, na hilo hulioni mpaka uligeuze. Pitisha kidole kwenye utepe huo kuanzia kwapani, kwa kuwa kwapa ndiko hukunjwa na kukunjuliwa zaidi, na kama umeanza kubanduka au kukunjamana, koti hilo lina msimu mmoja au halina kabisa. Makoti ya plastiki ya PVC ambayo mishono yake imeunganishwa kwa moto bila uzi ni bora kuliko yale yaliyoshonwa kwa cherehani na kuachwa hivyo. Haya ya pili ukiyanyoosha dhidi ya jua utaona nuru ikipita kwenye matundu ya sindano, na panapopita nuru usitegemee maji yatasimama. Vivyo hivyo kwa fundi wetu wa mtaani: akikupunguzia urefu wa mikono au kukubandikia kiraka kwa uzi bila gundi juu yake, amekuongezea matundu ambayo hayakuwepo.

Zipu nayo ni mshono mrefu kuliko yote, tena uko kifuani. Kwa mwendesha pikipiki maji hutiririka kutoka kifuani na kukusanyika mapajani, mahali ambapo zipu inaishia, kwa hiyo kanga, kadi ya pikipiki na simu vilivyowekwa tumboni hulowa hata kama koti lenyewe halina tundu. Koti lifaalo lina ukanda mpana wa kitambaa unaofunika zipu na kufungwa kwa vifungo vya kubana, na lililo bora zaidi lina mikanda miwili, mmoja nje na mmoja ndani. Mikono iwe na kibano ndani ya pindo, la sivyo maji yatapanda hadi kiwiko kila dereva anaponyoosha mikono kwenye usukani.

Kwa kuwa tunanunua wakati wa jua, mnunuzi na abebe chupa ya maji. Amwombe muuzaji kwa heshima, akunje sehemu ya koti yenye mshono iwe kama bakuli, amimine maji kidogo, aweke karatasi kavu chini yake, na kwa muda wa dakika chache awe anasugua kwa kidole gumba upande wa chini. Muuzaji anayekataa amekwishajibu. Kama maji hayapo, kuna kipimo dhaifu kidogo: kandamiza kitambaa mdomoni upande wa nje na upulize, pumzi ikipita bila kizuizi, maji nayo yatapita. Lakini msomaji asidanganyike kwa kuona matone yakiviringika juu ya kitambaa na kudondoka. Hiyo ni dawa ya juu juu tu, ambayo huwekwa hata kwenye vitambaa visivyozuia maji, na ambayo hufifia kwa kufuliwa na kusuguliwa. Kinyume chake, koti zuri ambalo dawa hiyo imeisha huonekana limeloa nje, ingawa utando wake wa ndani ungali mzima, na mara nyingi dawa huamka ikiwa litafuliwa, likauke, kisha lipitishwe pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa kingine chembamba.

Kuna kasoro moja ya mitumba ambayo hali ya hewa yetu huizidisha. Makoti mengi hupata uwezo wa kuzuia maji kutokana na rangi laini ya poliurethani (aina ya plastiki) iliyopakwa ndani, na rangi hiyo huharibiwa polepole na joto likiungana na unyevu, hata kama koti halivaliwi. Ukilikuta koti linanata ndani, lina harufu kali ya uchachu, au linaacha magamba meupe vidoleni, usilinunue kwa bei yoyote. Hakuna sabuni wala gundi itakayolirudisha. Kwa sababu hiyo hiyo, koti jipya lililokunjwa na kusahauliwa ndani ya kisanduku cha pikipiki tangu Mei hadi Novemba linaweza kufa bila kuonja mvua nyingine. Litundikwe kivulini likiwa kavu. Koti la PVC halina ugonjwa huo, lakini jua hulikausha likawa gumu na kupasuka kwenye mikunjo, nalo vile vile lipewe kivuli.

Baada ya mshono nauliza hewa, na hapa ndipo ninapotofautiana na wauzaji wengi. Kwa kuwa utando wa gharama hupoteza karibu nusu ya nguvu yake katika joto letu, njia ya uhakika ya kutoa jasho ni upepo unaopita kwenye uwazi. Tafuta koti lenye zipu za kwapani, au mgongo wenye uwazi uliofunikwa kwa bega la kitambaa na wavu chini yake, na lisikubane mwilini. Ndani vaa fulana nyepesi ya poliesta; ya pamba hunyonya jasho na kukaa nalo. Kwa anayetembea kwa miguu kwenda shuleni au sokoni naona poncho pana, yaani joho la mvua lisilo na mikono, ni bora kuliko koti lolote la bei yake, kwa kuwa hewa huingia kutoka chini na begi hufunikwa nayo. Poncho hiyo hiyo ni hatari kwa pikipiki, kwani upepo huipeperusha hadi kwenye mnyororo na spoku, na nawasihi abiria wa bodaboda pia waikalie vizuri pindo zake kabla ya safari kuanza. Mkulima anayepalilia hahitaji koti refu. Fupi la kiunoni, lenye mikono mipana, linamtosha, na mvua ikizidi hata hilo atalivua. Wavuvi wa Mikindani, Msanga Mkuu na Kilwa Kivinje ndio pekee ninaowaachia plastiki nzito, kwa sababu kwao adui ni rasharasha za chumvi, kamba na miamba pamoja na upepo wa alfajiri, na upepo huo huo huwapoza. Ila boya la kujiokolea livaliwe juu ya koti, wala lisibaki limefungwa chini ya ngalawa.

Kofia ya koti ijaribiwe na helmeti ikiwa kichwani. Ikivaliwa chini ya helmeti huifanya ikae vibaya, na huziba masikio na pembe za macho. Kwa dereva ni afadhali kola ndefu inayofungwa shingoni na kofia inayoweza kutolewa au kukunjwa. Na rangi, jamani. Saa 12 jioni, mvua ikinyesha, mtu mwenye koti jeusi katika barabara ya Mingoyo hadi Masasi haonekani na dereva wa lori mpaka amekaribia mno. Njano na rangi ya chungwa huchafuka upesi kwa tope letu jekundu, hilo najua, lakini tope husafishwa.

Nimalizie kwa wale wanaonunua makoti kwa wingi, yaani halmashauri, vyama vya msingi vya ushirika, kampuni za ulinzi na miradi inayowapa vijana vitendea kazi. Maelezo ya zabuni niliyowahi kuyasoma, ya taasisi moja nisiyoitaja, yalidai makoti ya mvua "mazito, imara" na idadi yake, basi. Mzabuni akaleta plastiki nene iliyoshonwa kwa uzi, ya kipimo kimoja kwa watu wote, na watumishi wakayafanya mafuniko ya mizigo. Napendekeza zabuni zijazo ziseme wazi kuwa mishono yote iwe imezibwa, zipu ifunikwe, kwapa au mgongo uwe na uwazi wa hewa, rangi ionekane kwa mbali, na vipimo viwe vya wanawake na wanaume. Shirika la Viwango Tanzania nalo lingetusaidia sana kama kila koti jipya linaloitwa la mvua lingelazimika kuwa na lebo ya Kiswahili inayotaja uwezo wake wa kuzuia maji na wa kutoa mvuke, kama lilivyo koti la mfagia barabara wa Ulaya tunalolikuta mnadani. Wakati tukisubiri hilo, sampuli moja, ndoo ya maji na karatasi kavu vinatosha kuamua zabuni kwa mchana mmoja kabla ya malipo, na ningefurahi kusoma katika safu hii jibu la afisa manunuzi yeyote wa kusini ambaye amekwishajaribu hivyo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Afisa Ugani,
Newala, Mtwara.